Sheria za UNO zinazotugombanisha, na kazi ya kila moja

Mei 2019, wenye mchezo wa karata wa UNO waliandika mtandaoni jambo linaloonekana dogo: mtu akikuwekea karata ya +4, unaokota nne na zamu yako inakupita, huruhusiwi kuweka +2 juu yake ili anayefuata aokote sita. Wachezaji wakaja juu. Wengi walikuwa wamecheza hivyo tangu utotoni, wakawafundisha na watoto wao, na sasa wanaambiwa jambo hilo halimo kwenye sheria. Ubishi ule haujakwisha. Familia ikiketi kucheza, hazipiti raundi nyingi kabla mmoja hajasema "kwa kina shangazi hatuchezi hivyo", mwingine akajibu "hapa ndivyo tunavyocheza", na karatasi ya sheria iliyokuja ndani ya boksi ilishapotea zamani. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Mimi naona ubishi huu una uzito kuliko unavyochukuliwa. UNO ni mmoja wa michezo michache ambayo mtoto wa miaka saba na bibi yake wanashindana kweli, bila mkubwa kujifanya hajui. Hali hiyo haikuja yenyewe. Imejengwa na sheria, na kila sheria ina kazi yake. Tukibadilisha moja bila kujua inafanya kazi gani, mara nyingi anayeumia ni yule mdogo kuliko wote mezani.

Tuanze na karata zenyewe. Boksi la kawaida lina karata 108. Mia moja kati ya hizo zina rangi nne, yaani nyekundu, njano, kijani na buluu, karata 25 kila rangi. Katika kila rangi kuna sifuri moja, kisha namba 1 hadi 9 mbili mbili. Sita zinazobaki ni karata za amri: mbili za kuruka, zinazomnyima zamu anayefuata; mbili za kugeuza, zinazobadili mwelekeo wa mzunguko; na mbili za +2, zinazomfanya anayefuata aokote karata mbili na zamu impite. Karata nane za mwisho ni nyeusi. Nne zinakuruhusu kuchagua rangi unayotaka iendelee. Nne nyingine ni zile za +4 zinazoogopwa: unachagua rangi, na anayefuata anaokota nne. Baadhi ya matoleo ya karibuni yana karata 112, zikiwemo tupu ambazo familia huandika amri yake yenyewe.

Kila mchezaji anagawiwa karata saba. Zinazobaki zinawekwa kifudifudi, hilo ndilo fungu la kuokota, na karata moja inafunuliwa kando yake kuanzisha fungu la kutupia. Zamu yako ikifika unatupa karata inayofanana na ya juu kwa rangi, kwa namba au kwa alama, ama unatupa nyeusi. Kama huna, unaokota moja. Ikiwa uliyookota inafaa, unaweza kuitupa papo hapo. Ikiwa haifai, zamu inakwenda kwa mwenzako. Ukibakiwa na karata moja lazima useme "uno" kwa sauti. Anayemaliza karata zake wa kwanza ameshinda raundi. Wanacheza watu wawili hadi kumi, na mtoto anayezijua rangi na namba hadi tisa tayari ana karibu kila anachohitaji. Hasomi sentensi, hajumlishi, hakumbuki ni karata ipi kubwa kuliko nyingine.

Mchezo wenyewe, kama inavyosimuliwa, ulizaliwa na ubishi wa sheria. Mwaka 1971 Merle Robbins, kinyozi wa mji wa Reading katika jimbo la Ohio, Marekani, alibishana na mwanawe kuhusu namna ya kucheza mchezo mwingine wa karata, Crazy Eights. Akabuni wa kwake. Familia ikachangishana dola 8,000, ikachapisha boksi 5,000, na Robbins akawa anawauzia wateja waliokuja kunyolewa. Baadaye aliuza haki za mchezo kwa dola 50,000, pamoja na senti 10 kwa kila boksi litakalouzwa. Tangu 1992 UNO imo mikononi mwa kampuni ya Mattel.

Historia hiyo inatusaidia kuelewa chanzo cha mkanganyiko. Crazy Eights huchezwa kwa karata 52 za kawaida, zile za kopa, uru, shupaza na pau. Unafuatisha aina au namba ya karata ya juu, na 8 hutupwa wakati wowote ili kubadili aina. Mchezo huo una ndugu wengi: Wajerumani wana Mau-Mau, Waingereza wana Switch, na Nigeria inapendwa sana Whot!, yenye karata zake za maumbo. Mingi kati ya michezo hii haikuwa na kampuni ya kuisimamia. Ilipita mdomo kwa mdomo, na kila mahali ikapata sheria zake. Katika mingi kati yake kuna karata fulani, mara nyingi 2 au 7, inayomwokotesha anayefuata, naye anaruhusiwa kujikinga kwa kuweka nyingine kama hiyo ili mzigo uende mbele. Waliozoea kucheza namna hiyo walipopata UNO wakaja nayo. Kwa hiyo anayerundika +2 juu ya +2 hakubuni udanganyifu wowote. Amerithi desturi ya kale, ila ni ya mchezo mwingine.

Sasa tuiangalie hiyo desturi ya kurundika, maana ndiyo inayogombanisha watu kuliko zote. Karatasi ya sheria haina utata: ukiwekewa +2 unaokota mbili, ukiwekewa +4 unaokota nne, na zamu inakupita. Hakuna kusogeza mbele. Wanaopinga husema kurundika kunanogesha mchezo, na siwalaumu, kwa sababu ile hofu ya "nani atabebeshwa" inawafanya wote wakae macho. Lakini tazama kinachotokea kwenye hesabu. Karata za +2 ni nane katika boksi zima. Zikitupwa zote, moja moja au kwa mrundikano, jumla ya karata zitakazookotwa ni 16 vilevile. Kurundika hakuongezi mzigo. Kunaukusanya na kumtwisha mtu mmoja. Ni kama deni linalopokezanwa kwenye foleni, kila mmoja akiongeza kidogo, mpaka limfikie yule ambaye hana wa kumpokeza.

Na mtu huyo mara nyingi ni nani? Mkubwa anayejua mchezo huificha +2 yake na kuisubiri siku ya shida. Mtoto akiipata anaitupa mara moja kwa furaha, ndiyo maana siku mrundikano unapomfikia anakuwa mikono mitupu. Anaokota nane, au kumi na mbili ikiwa ni za +4. Wenzake wana karata mbili tatu. Yeye ana kumi na tisa ambazo vidole vyake havitoshi kuzishika, nyingine zinaanguka kifunulio na kila mtu anaziona. Raundi haitarefuka kwa ajili yake. Itaisha upesi kwa wengine, naye amekaa tu akisubiri iishe. Watu wazima wakiwa peke yao, warundike watakavyo. Mtoto mdogo akiwepo, sheria ya kwenye karatasi ni ya huruma zaidi, na haiondoi utamu.

Niongeze jambo moja hapa, kwa sababu linazidisha mkanganyiko. Yapo matoleo mengine ya UNO, ya karata na ya kwenye simu, ambayo kurundika kunaruhusiwa. Toleo la No Mercy la mwaka 2023, kwa mfano, limejengwa juu ya kurundika: lina karata 168, zikiwemo za +10, na mchezaji akifikisha karata 25 mkononi anatolewa. Mtoto aliyejifunza kwa toleo hilo atasema kwa uhakika kabisa kuwa kurundika ni halali, naye kwa karata alizojifunzia hajakosea. Kabla ya kubishana, angalieni boksi lenu ni lipi.

Desturi ya pili inayodhaniwa kuwa sheria ni ile ya kuokota hadi upate. Watu wengi hucheza hivi: kama huna karata inayofaa, unaokota, unaokota, unaokota, mpaka ipatikane. Sheria ya asili inasema moja tu. Tofauti inaonekana ndogo, lakini tuipige hesabu. Tuseme juu kuna 5 nyekundu na mchezo ndio kwanza unaanza. Karata zinazofaa katika boksi zima ni nyekundu nyingine 24, namba 5 za rangi nyingine ambazo ni sita, na nyeusi nane. Jumla ni 38 kati ya 107, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja. Mtu mwenye karata saba atakosa kabisa cha kutupa kama mara 4 tu katika 100. Ndiyo maana mwanzoni mchezo unakwenda kwa kasi na kila mtu anajiona mjanja.

Sasa chukua mmoja wa hao waliokosa. Kwa sheria ya asili anaongeza karata moja, zamu inasonga. Kwa desturi ya kuokota hadi upate, kwa wastani ataokota kati ya mbili na tatu, na kama mara 8 au 9 katika 100 ataokota zaidi ya tano kabla ya kupata. Kadiri mkono unavyopungua, kukosa kunakuwa kwa mara kwa mara: mwenye karata moja anakosa karibu mara mbili katika kila tatu. Yule aliyekuwa anakaribia kumaliza, ambaye wote walishamwona, anaweza kurudishwa nyuma kwa karata nne au tano kwa kukosa rangi moja. Hii ndiyo desturi inayorefusha raundi hadi mtoto asinzie. Kama mnataka mchezo umalizike kabla ya saa ya kulala, anzeni kwa kuondoa hii.

Kuhusu +4, hapa hata wanaojiita wakongwe huteleza. Wengi huamini inaweza kutupwa wakati wowote, kama ile nyeusi nyingine. Siyo hivyo. Nyeusi ya kawaida ndiyo unayoweza kuitupa ukitaka, hata kama una karata nyingine inayofaa. Lakini +4 inaruhusiwa tu ikiwa huna mkononi karata ya rangi iliyo juu. Zingatia neno rangi. Kama juu kuna 7 ya buluu, nawe una 7 ya kijani lakini huna buluu yoyote, +4 yako ni halali. Ukiwa na buluu moja tu, umevunja sheria.

Nani atajua, na karata ziko mkononi mwako? Sheria imelifikiria hilo, na mimi naona ndilo jambo zuri kuliko yote katika mchezo huu, ingawa familia nyingi hazijawahi kulitumia. Yule anayetakiwa kuokota nne anaweza kukupinga. Akikupinga, unamwonyesha karata zako, yeye peke yake. Akikuta ulikuwa na rangi ile, wewe ndiye unayeokota nne badala yake. Akikuta ulikuwa mkweli, yeye anaokota sita: nne zake na mbili za kukushuku bure. Kwa hiyo kudanganya kumeachwa mlango wazi, lakini kuna gharama, na kumshuku mwenzako kuna gharama pia. Mtoto wa miaka minane akianza kutumia haki hii, anaacha kuangalia karata zake tu na kuanza kuwaangalia watu. Mjomba amesita? Kwa nini ameitupa haraka hivyo? Mara ya kwanza mtoto anapompinga mtu mzima na kumkuta na buluu mbili mkononi, furaha yake haielezeki.

Suala la kusema "uno" ni jepesi. Ukisahau na mtu akakugundua kabla mchezaji anayefuata hajaanza zamu yake, unaokota mbili. Zamu ya mwenzako ikishaanza, umesalimika, na hakuna kufukua makaburi raundi tatu baadaye.

Nayo imani kwamba huruhusiwi kumaliza kwa karata nyeusi, au kwa karata yoyote ya amri, haina msingi kwenye karatasi ya sheria. Unaruhusiwa. Ukimaliza kwa +2 au +4, anayefuata anaokota kwanza, ndipo mnahesabu.

Mnahesabu nini? Hapa ndipo kuna sheria iliyosahaulika karibu kila mahali. UNO haikukusudiwa kuisha kwa raundi moja. Mshindi wa raundi anajumlisha karata zilizobaki mikononi mwa wenzake: namba kwa thamani yake, karata za amri 20 kila moja, nyeusi 50 kila moja. Wa kwanza kufikisha 500 ndiye mshindi wa mchezo. Tulipoiacha hesabu hii, tulibadilisha mchezo bila kujua. Kwa hesabu, anayekumbatia +4 hadi dakika ya mwisho anajiweka hatarini, kwa kuwa akikutwa nayo anampa mshindi pointi 50. Bila hesabu, kuificha hakumgharimu kitu, basi wakubwa wote huficha, na mchezo unakuwa wa kuviziana. Mnaocheza na watoto wanaojifunza kujumlisha, irudisheni hesabu. Mpeni mtoto kalamu awe ndiye mwandishi wa pointi. Atajumlisha 50, 20, 9 na 4 bila kuambiwa kuwa hiyo ni hesabu ya shule.

Swali ninalosikia sana ni kama UNO ni bahati tupu. Ingekuwa bahati tupu, watu wazima wangechoka upesi. Ingekuwa akili tupu, watoto wasingeshinda kamwe. Bahati ina sehemu kubwa, na ni vizuri iwe hivyo, lakini uamuzi upo. Chukua mfano huu. Juu kuna 9 ya njano. Mkononi una 3 nyekundu, 9 nyekundu, 9 ya buluu na karata ya kuruka ya kijani. Utatupa 9 ipi? Mtoto hutupa aliyoiona kwanza. Ukitupa ya buluu, unabaki na nyekundu mbili na kijani: rangi ikibaki buluu au ikirudi njano, una hatari ya kuokota. Ukitupa nyekundu, unabaki na nyekundu, buluu na kijani. Ni njano pekee inayokukosesha rangi. Kila mkubwa anaweza kumfundisha mtoto jambo hilo kwa swali moja tu, "zitakazobaki ni zipi?", kisha akamwachia aamue.

Jambo jingine la kufundisha ni kuangalia nani ameokota wakati gani. Kaka yako akiokota wakati juu kuna kijani, na akashindwa kuitupa aliyookota, ujue huenda hana kijani. Akifika karata moja, nawe una nyeusi ya kuchagua rangi, unajua la kusema.

Kwa sababu hiyo sipendi wakubwa wanaojifanya wameshindwa. Bahati iliyomo ndani ya karata inatosha kumpa mtoto ushindi wake halali mara kwa mara. Watoto hugundua upesi wanapopewa ushindi, na wakishagundua, hata ule walioupata kwa haki wanautilia shaka.

Kuna watoto wanaoonekana hawaelewi mchezo kumbe tatizo ni macho. Mtoto anayetupa kijani juu ya nyekundu mara kwa mara, na kushangaa anaporekebishwa, huenda hatofautishi rangi hizo. Hali hiyo huwapata zaidi wavulana, na familia nyingi huigundua kwa kuchelewa. Tangu 2017 kuna karata za UNO zenye alama ndogo za kutambulisha kila rangi, na tangu 2019 kuna za maandishi ya nukta nundu kwa wasioona. Kama hamna hizo, chora alama yako pembeni mwa karata kwa kalamu: duara kwa nyekundu, mstari kwa kijani, na kadhalika. Weka alama pembe zote mbili zinazoelekeana, ili zionekane karata ikishikwa upande wowote.

Sheria za nyumbani si dhambi. Karata zile tupu ziliwekwa kwa ajili hiyo hasa. Wengine hucheza kwamba 7 inakuruhusu kubadilishana karata zako zote na mtu umtakaye, na 0 inawafanya wote wapitishe karata zao upande mmoja. Hii napenda ichezwe na watoto, maana mwenye mzigo mkubwa anaweza kuutua dakika yoyote. Sharti ni kwamba zitajwe kabla ya kugawa, kwa sauti, na mtoto mdogo kuliko wote azirudie kwa maneno yake. Akishindwa kuirudia sheria, sheria hiyo isitumike siku hiyo. Sheria inayotajwa katikati ya raundi, wakati mmoja ameshika karata moja, hata kama ni ya kweli, itasikika kama njama.

Kwa watoto wa miaka minne au mitano, toeni zile +4 nne kwenye boksi kabla ya kuchanganya, mgawe karata tano badala ya saba, na mwacheni mtoto azipange karata zake nyuma ya kitabu kilichosimamishwa, ili azione yeye peke yake bila kuzishika. Mkiwa wawili tu, kumbukeni kuwa karata ya kugeuza inafanya kazi ya kuruka: aliyeitupa anacheza tena.